Mashua inazama, nimsomee mama?

Shangazi, mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Mtwara. Marehemu baba alikuwa na mkanda wa video wa The African Queen, filamu ya mashua yenye jina hilo, na kila ulipowekwa nyumbani kwetu Msimbati tulicheka hadi majirani wakaja kuchungulia. Sasa nimekipata kitabu chenyewe. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo kila jioni namsomea huku nikimtafsiria. Nimetangulia kusoma mwisho: mashua inazama bure. Mama anausubiri ule mlipuko wa kwenye filamu. Nimpe mwisho wa filamu? Naona kama nitamzika baba mara ya pili.
Binti wa Msimbati

Mwanangu, pole kwa msiba.

Usimbadilishie. Mama yako amemzika mume; hashindwi kuizika mashua ya nahodha Charlie Allnutt. Ila mwambie mapema, kabla hamjafika huko, kwamba kitabu na filamu vitaachana njia, achague mwenyewe kuendelea.

C. S. Forester aliitoa riwaya hiyo mwaka 1935, na John Huston akaitengenezea filamu mwaka 1951. Huston alitaka tutoke tukitabasamu: wapenzi, Charlie na Rose, wanaozeshwa wakingoja kitanzi, mara meli ya Wajerumani inagonga mabaki ya mashua yao na kulipuka. Forester hakuwapa zawadi hiyo. Dhoruba inawawahi, nahodha Mjerumani anawahurumia na kuwakabidhi kwa Waingereza, na boti zao za kivita ndizo zinazoizamisha meli. Hata raha ya ndoa yao mwandishi haiahidi.

Mimi namwamini zaidi Forester. Meli halisi inayofanana na hiyo, Graf von Goetzen ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaja kuiibua, nayo ndiyo Liemba tuijuayo. Hapakuwa na wapenzi, wala mlipuko wa kupigiwa makofi.

Tena mama yako ni mtu wa kando ya mto Ruvuma. Vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilipita mlangoni kwenu. Aprili 1916 Wareno waliitwaa Kionga, ng'ambo ya mdomo wa mto. Baadaye mwaka huohuo wakavuka hadi Newala, wakafukuzwa. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yaliuana siku nne Mahiwa, upande wa Lindi, na Novemba kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akauvuka mto kuingia Msumbiji. Mizigo ya majeshi hayo ilibebwa na Waafrika vichwani. Walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na kuchoka, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Hapo ndipo kitabu kinaponiuma, si kwenye mashua. Mwanzoni kabisa Wajerumani wanawazoa wanakijiji wote wa misheni, na mifugo yao. Kaka yake Rose anakufa kwa homa na huzuni, tunamlilia. Wale wanakijiji je? Hawarudi tena, si kitabuni wala kwenye filamu. Hadithi nzima inashuka na Wazungu wawili mtoni, na sisi tukacheka nao. Kwa hiyo rudi na mama kwenye kurasa zile za mwanzo, umsomee taratibu. Kisha muulize wazee wake walikuwa wapi miaka ile, nani alichukuliwa, nani alirudi. Nimesikia akina mama wengi wakisema hawana cha kusimulia, kumbe hawajawahi kuulizwa. Andika atakachosema.

Kuhusu baba: hujamsaliti. Alicheka kwa sababu Humphrey Bogart, aliyeigiza Charlie na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, anachekesha kweli, na kicheko chenu kilikuwa chenu. Mkimaliza kitabu, uwekeni mkanda, muwaite na wale majirani. Lakini mikanda ya zamani huota ukungu. Upeleke kwa fundi wiki hii akuhamishie kwenye flashi, na usimwachie mkanda wenyewe.