Taashira ya Msitu katika Shairi la Robert Frost

Watahiniwa wengi wakikutana na msitu katika shairi huandika papo hapo: "Msitu ni taashira ya kifo." Huenda ni kweli, lakini jibu likiishia hapo mtahini hana cha kutuza. Taashira huthibitishwa kwa yale yaliyomo shairini.

Tuchukue "Stopping by Woods on a Snowy Evening", shairi ambalo Mmarekani Robert Frost aliliandika mwaka wa 1922 na likachapishwa 1923. Nafsineni anasafiri kwa farasi jioni ya majira ya baridi. Anasimama kando ya msitu kutazama theluji ikianguka, kisha anakumbuka ahadi zake na safari ndefu iliyobaki. Hakuna tukio jingine.

Sasa tazama yanayouzunguka msitu huo. Mwenyewe yuko kijijini, kwa hivyo hapana wa kumwona nafsineni. Ziwa limeganda. Jioni hiyo inasemekana kuwa na giza kuliko zote za mwaka. Farasi anatikisa kengele zake kana kwamba anauliza kama pana kosa. Upande mmoja basi kuna kijiji, mmiliki na ahadi, yaani watu na wajibu wao. Upande wa pili kuna kimya, giza na theluji. Nafsineni anautaja uzuri wa msitu kabla ya giza na kina chake, na mpangilio huo ni muhimu: kinachomvuta hakimtishi. Ni pumziko, kuutua mzigo.

Hoja ya kifo hupata ushahidi katika mshororo wa mwisho, unaorudiwa. Mara ya kwanza tunamsikia msafiri mwenye safari ndefu kabla ya kulala. Mara ya pili, maneno ni yaleyale, lakini maili zinaanza kufanana na miaka ya umri, na usingizi nao unakuwa mzito zaidi. (Usiite hiki kibwagizo, hakirudi katika kila ubeti. Ni takriri.)

Umbo nalo linasaidia. Hili ni tarbia ya beti nne. Katika beti tatu za kwanza, mshororo wa tatu una kina tofauti, na ubeti unaofuata hukichukua kina hicho na kuendelea nacho. Ubeti wa nne hauna mshororo wa aina hiyo. Yote minne ina kina kimoja. Mnyororo umekatika.

Msitu haukuwa na maana hiyo kwa kila mshairi wa Marekani. Katika "A Forest Hymn" ya 1825, William Cullen Bryant aliufanya hekalu la Mungu.

Jambo moja hupuuzwa sana: wanafunzi huandika kwamba nafsineni "aliondoka akatimiza ahadi zake." Shairi halisemi hivyo. Linakwisha angali amesimama.

Zoezi
"Nafsineni ameushinda mvuto wa msitu." Jadili kauli hii kwa kurejelea ubeti wa mwisho. (alama 10)