Unapounda Ndege Ndogo Nyumbani, Chunga Mapafu

Mtu anayeshinda kiwandani huhitaji kitu cha kumpumzisha jioni. Wengine hutazama mpira, wengine hucheza drafti, na wako wachache ambao hukaa mezani na kisu kidogo, gundi na kopo la rangi, wakiunda mfano wa ndege ya kivita ya zamani. Ni burudani nzuri. Hutuliza mawazo, huzoesha vidole kazi ya makini, na humfunza kijana kufuata maagizo hatua kwa hatua bila pupa. Daktari hana neno na burudani yenyewe. Neno liko kwenye vifaa vyake, hasa katika miji kama Thika na Ruiru, ambako thina na rangi ya gari hupatikana kwa urahisi kuliko rangi zilizotengenezewa kazi hii.

Tuchukue ndege moja iwe mfano wa somo letu. Harvard ni ndege ya injini moja yenye panga boi, iliyobuniwa na kampuni ya North American ya Marekani katika miaka ya 1930 na kutumiwa kufunza marubani wengi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Thika inaijua. Mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, kikosi nambari 1340 cha jeshi la anga la Uingereza kilirusha Harvard kutoka Thika kabla ya kuhamia Mweiga, karibu na Nyeri. Ndege hizo zilidondosha mabomu madogo ya karibu kilo 9 katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, hadi kikosi kilipovunjwa mwaka wa 1955. Kwa hivyo wako wazee ambao hawatafurahi kuiona juu ya kabati la vyombo. Zungumza nao kwanza. Huenda ukapata historia ambayo haimo katika karatasi ya maagizo.

Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 12.8 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Katika kipimo cha 1 kwa 72, ambacho ndicho kilichozoeleka, upana huo unakuwa sentimita 18 hivi. Msomaji atauliza: kitu kinachotoshea kiganjani kitamdhuru nani?

Hesabu ya chumba kimoja

Kitu chenyewe hakidhuru. Kinachodhuru ni mvuke wa vile vinavyokiunganisha na kukipaka rangi. Thina nyingi zinazouzwa kwa chupa katika maduka ya rangi huwa na tolueni au ndugu zake. Tolueni ndiyo hiyo hiyo inayopatikana katika gundi ya viatu ambayo watoto wa mitaani huinusa na kuiita gamu. Huingia kwenye damu kupitia mapafu na kufika kwenye ubongo upesi. Kwanza kichwa huwa chepesi, halafu huuma, kisha huja kichefuchefu na usingizi. Anayeivuta miaka mingi huharibika mishipa ya fahamu, kumbukumbu na figo.

Sasa piga hesabu. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, kama vile vilivyojaa Makongeni au Githurai, kina hewa ya mita 23 hivi za ujazo. Ukimwaga vijiko vitatu vya chakula vya tolueni katika kisahani ili kusafishia brashi, nayo ikakauka yote wakati mlango na dirisha vimefungwa kwa sababu ya mbu, hewa ya chumba hicho itakuwa na zaidi ya sehemu 400 za tolueni katika kila sehemu milioni. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi hupendekeza mtu asizidishe sehemu 100 kwa wastani wa siku nzima ya kazi. Vijiko vitatu tu, na umeshapita mara nne! Nawe huenda hukugundua, kwa maana pua huzoea harufu baada ya dakika chache na kuacha kukuonya.

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Badala ya kupaa hushuka na kutambaa sakafuni, mahali ambapo mtoto amelazwa kwenye mkeka na ambapo jiko la makaa au la mafuta ya taa linawaka. Mvuke unaweza kutoka kwenye kisahani, ukatambaa hadi kwenye jiko na kurudi ukiwa moto. Watu hudhani hatari ni kumwagia thina motoni. La hasha, thina yenyewe huutafuta moto. Basi usifungue chupa hiyo chumbani penye jiko, mshumaa au sigara, hata kwa dakika moja. Mama mjamzito naye asikae karibu na kazi hii, kwani tolueni hufika kwa mtoto aliye tumboni.

Mfanyakazi wa kiwandani ana sababu ya ziada ya kujihadhari. Anayepuliza rangi au kuchanganya gundi mchana huja nyumbani akiwa tayari ameshavuta sehemu yake ya siku, na mwili haupambanui mvuke wa mwajiri na mvuke wa burudani. Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kwamba pombe huchelewesha mwili kuitoa tolueni. Anayepitia baa kabla ya kuketi mezani na chupa ya thina huongeza muda wa sumu hiyo kukaa katika damu yake. Kelele nazo, kama zile za mitambo, hushirikiana na tolueni kuharibu masikio.

Usitumie rangi ya gereji

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kijana anataka rangi kidogo tu, na rangi za kuundia mifano huagizwa ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Anakwenda kwa fundi wa gari anayemjua kando ya barabara na kupewa mabaki katika kopo la maziwa. Ikiwa ni rangi ya kawaida, tatizo ni thina tuliyoitaja. Lakini ikiwa ni ile ya kuchanganywa na kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina, ndani yake huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti. Hizi husababisha ugonjwa wa pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Njia yake ni ya hila. Mtu anaweza kuipuliza miezi mingi bila kuona lolote, kumbe kinga ya mwili wake inajifunza kuichukia. Siku moja kifua kinabana, anakohoa usiku na kupiga mluzi anapopumua. Tangu hapo hata chembe ndogo mno inaweza kumletea shambulio, na wako waliolazimika kuacha kazi ya rangi kabisa. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitalini haisaidii kitu hapa. Hata ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa haitoshi kutegemewa, kwa kuwa isosayaneti haina harufu ya kukujulisha kwamba kichujio kimekwisha nguvu. Katika karakana zinazofuata kanuni, mpulizaji huvaa kifuniko kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake; nyumbani hakuna mwajiri wala mkaguzi. Kwa hiyo rangi yenye kigumishi isiingie chumbani mwako kwa kazi ya mchezo.

Dalili moja itakusaidia wewe na daktari wako. Ikiwa kikohozi au maumivu ya kichwa hupungua Jumapili au wakati wa likizo na kurudi Jumatatu, taja jambo hilo kliniki, na utaje kazi unayofanya na vitu unavyovichezea nyumbani. Wengi hupewa dawa ya kikohozi mara tano kwa sababu hawakuulizwa, nao hawakusema.

Njano na kijani

Harvard nyingi za kufunzia marubani zilipakwa njano ili zionekane kwa mbali, na ndani ya chumba cha rubani mlipakwa rangi ya kijani iliyoelekea umanjano. Rangi zote mbili zina kisa cha afya. Ile ya ndani ilikuwa ya kuzuia kutu, yenye kromati ya zinki. Kromiamu ya namna hiyo imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Kwa mfano mdogo hakuna haja yoyote ya kupaka kromati halisi. Changanya kijani, njano na tone la nyeusi, na macho hayatajua tofauti.

Njano ya nje ni ya kujihadhari zaidi. Kwa miaka mingi njano, rangi ya machungwa na nyekundu kali zilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Madini ya risasi hukaa mifupani kwa miaka, hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo na kufunga choo, na kwa mtoto hudhoofisha akili. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kiwango kinachoruhusiwa sasa katika rangi nchini Kenya ni sehemu 90 katika milioni, lakini kopo lililokaa stoo tangu zamani halikuisoma kanuni hiyo. Usilitumie. Na kama unapiga msasa mfano au kifaa chochote chenye rangi ya zamani, tumia msasa wa maji, ili vumbi libaki tope ulifute kwa kitambaa na kukitupa.

Risasi huingia kwa mlango mwingine pia. Ndege zenye gurudumu la mbele, kama F-5 za Jeshi la Anga la Kenya, huanguka mkia zikiwa mfano, hivyo waundaji hutia uzito puani. Wengine hukata risasi ya betri ya gari. Hilo ni kosa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipata madhara makubwa, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Tia nati ya chuma. Harvard yenyewe hukaa juu ya gurudumu la mkia, haihitaji uzito wowote.

Kazi yenyewe

Osha vipande kwa maji ya sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke na rangi ishike. Kata ukielekeza kisu mbali nawe. Jeraha la kisu lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na kama hukumbuki ulidungwa lini sindano ya pepopunda, nenda ukaulize. Paka chumba cha rubani kwanza, kisha unganisha kiwiliwili, mabawa na mkia. Gundi ya plastiki itumike tone kwa tone na kifuniko kirudishwe kila mara. Supaglu ikinatisha vidole, viloweshe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviachanishe taratibu bila kuvuta kwa nguvu. Anayechonga ndege yake kwa mti ajue kwamba vumbi la mbao ngumu, likivutwa miaka mingi, huleta saratani ya pua. Achonge nje na kupiga msasa upepo ukiwa mgongoni.

Kwa rangi, tafuta ile inayochanganywa na maji, na utumie brashi badala ya kupuliza. Matabaka matatu mepesi hupendeza kuliko moja zito. Anza na njano, kisha rangi nzito, na vibandiko vya alama viwe vya mwisho. Rangi ya maji nayo ikipulizwa hugeuka ukungu unaoingia kifuani, kwa hivyo ukipuliza, puliza nje. Kazi yoyote ya thina iwe ya mchana, uwanjani au barazani, na mfano ukaukie huko huko kabla ya kuingizwa ndani. Kama nyumba yako iko ghorofani na haina baraza, ni afadhali kuiacha thina kabisa.

Thina isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, ila chupa ya soda anaijua. Akinywa thina au mafuta ya taa, usimtapishe, kwa kuwa kinachorudi huingia mapafuni na kuleta nimonia ya hatari. Wala usimpe maziwa kama wengi wanavyofanya. Mpeleke mara moja hospitali iliyo karibu, Thika Level 5 kwa mfano, au ile ya Ruiru, na ubebe ile chupa ili daktari ajue alichokunywa. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, jicho likiwa wazi, ndipo uondoke kwenda kliniki.