Fundi amepandisha bei baada ya kazi

Swali: Nilipatana na fundi wa paa shilingi 900,000, ufundi pamoja na vifaa. Kazi imekwisha, sasa anadai 1,400,000 kwa sababu eti mbao zilikuwa zimeoza. Nilipe? – Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Kama hiyo ilikuwa bei ya mapatano, si makadirio tu, fundi hawezi kuipandisha peke yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya pande zote, hata kwa makubaliano ya mdomo. Lakini kifungu cha 70 cha sheria hiyohiyo kinamlinda aliyekufanyia kazi ambayo hakukusudia kuifanya bure, nawe ukanufaika nayo. Mara nyingi mbao zilizooza hazionekani mpaka bati lifunguliwe, kwa hiyo usilipuuze dai lake. Dai risiti za mbao mpya. Mwambie akuonyeshe na zile alizozitoa. Mkibishana juu ya ufundi, mwite fundi mwingine aikague kazi. Zile 900,000 hamna ubishi nazo: mlipe leo, mwandikishiane, kisha mjadili nyongeza mbele ya mjumbe. Mkishindwana, nendeni Mahakama ya Mwanzo. Mbao zisizo na risiti wala hazionekani darini, usizilipie.