UKAGUZI WA GARI ZA ABIRIA NA GARI ZA KAZI: WAJIBU WA MWENYE GARI NA DEREVA

Gari inayochukua abiria au watumishi ni chombo cha amana. Anayepanda hana nafasi ya kuinama kutazama mvunguni wala kupima breki. Hulipa nauli yake, akakaa kitako, akaamini kwamba kazi hiyo imeshafanywa na wale waliopewa dhamana. Somo hili linaeleza kazi hiyo ni ipi, hufanywa lini, na kwa nini katika visiwa vya Unguja na Pemba haifai kuahirishwa.

Adui mkubwa wa gari visiwani ni chumvi. Upepo wa bahari huileta mpaka mjini, lakini madhara huzidi pale inapotoka kwenye mizigo: makapu ya samaki yanayochuruzika maji, au magunia ya mwani ambao haujakauka vyema. Maji hayo hupenya kwenye mbao za sakafu, yakatua juu ya chesisi, springi na mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki magurudumuni. Kutu ya ubavuni huonekana na kila mtu, ikapakwa rangi. Kutu ya bomba la breki haitazamwi na mtu, na huenda isijulikane mpaka siku bomba linapopasuka. Hivyo basi, gari iliyobeba mizigo ya namna hiyo, au iliyopita ufukweni, ioshwe siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na chumvi, na mvungu uoshwe kabla ya ubavu. Aidha, fundi atakiwe kuyakagua mabomba hayo kila gari inapoingia gereji.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ambayo madereva wengi hawaijui: huvuta unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi joto 205 za Sentigredi. Yakishavuta unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi kufikia 140. Yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedeli ikazama hadi chini bila ya gari kusimama. Hatari hii ni kubwa zaidi kisiwani Pemba, ambako barabara hupanda vilima na kushuka mabondeni, kwani breki zikishikwa mfululizo kwenye mteremko huwa moto mno. Mafuta hayo yabadilishwe angalau kila baada ya miaka 2, na dereva ateremke kwa gea ndogo ili injini isaidie kuizuia gari.

Ukaguzi wa kila asubuhi, kabla ya abiria wa mwanzo kupanda, ni huu:

(a) Oili ipimwe gari ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa. Alama ya oili iwe baina ya mistari miwili ya kijiti.

(b) Maji ya rejeta yatazamwe injini ikiwa baridi. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani mvuke uliobanwa huruka na kuunguza uso na mikono. Maji ya visima vingi vya visiwani yana chokaa, nayo huganda ndani ya rejeta na kuziba njia. Dawa ya rejeta iliyopendekezwa na mtengenezaji ndiyo itumike.

(c) Mipira ipimwe upepo kabla ya safari, ingali baridi. Mpira wenye upepo mdogo na mzigo mzito hupata moto, ukapasuka njiani.

(d) Breki, taa, indiketa, honi na waipa zijaribiwe moja baada ya moja.

(e) Chini ya gari patazamwe kama pana matone ya mafuta au maji.

Kila wiki, vichwa vya betri visafishwe na nati za magurudumu zikazwe. Mpira ukishabadilishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwani huweza kulegea. Mnunuzi wa mipira asome tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni mwa mpira: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mpira ulioandikwa 3519 ulitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatumika, na nyufa ndogo za ubavuni ni dalili ya uzee huo.

Yote haya hayana faida iwapo dereva ataona kasoro kisha akakosa msikilizaji. Imekuwa kawaida kwa baadhi ya wenye gari kudai hesabu ya siku kwanza, matengenezo baadaye. Dereva anayehofia kunyang'anywa gari hunyamaza, akaingia barabarani na breki anazozijua kuwa ni mbovu. Inafaa kila gari iwe na daftari: dereva aandike kasoro na tarehe, mwenye gari atie saini na aandike siku iliyotengenezwa. Kwa gari za ofisi, msimamizi wa usafiri asiidhinishe safari ilhali kasoro ya breki, usukani au mipira ingali wazi daftarini.

Siku moja ya gari kukaa gereji ni hasara inayohesabika kwa fedha, na fedha hizo hupatikana tena. Abiria aliyepotea katika mteremko hapatikani tena. Mwenye gari anayekagua anahifadhi mali yake. Juu ya hayo, anairejesha amana kwa wenyewe, jioni, ikiwa salama kama alivyoipokea asubuhi.