Viatu vya Magurudumu kwa Safari Ndefu: Namna ya Kufanya Jaribio la Haki

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa kawaida methali hii huwahusu wagombanao shambani au barazani. Lakini mwanasayansi naye, asipojihadhari, huweza kuivutia ngoma upande wake bila ya kujitambua. Katika makala haya tutalichunguza jambo hilo kwa kutumia kifaa ambacho vijana wa miji yetu wanakifahamu, yaani viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa katika mstari mmoja. Swali letu ni hili: mtelezaji wa safari ndefu akiletewa viatu na kampuni inayofikiria kumdhamini, atajuaje kwa hakika kwamba viatu hivyo ni bora kuliko vyake vya zamani?

MCHEZO NA KIFAA CHAKE

Watu wengi huudhani mchezo huu kuwa wa watoto. Ukweli ni kwamba yapo mashindano yanayohitaji nguvu na ustahimilivu mkubwa. Mjini Berlin, Ujerumani, watelezaji hushindana siku moja kabla ya mbio za marathoni za wakimbiaji, na umbali wao ni ule ule wa kilometa 42.195. Washindi wa kiume humaliza kwa muda wa karibu saa moja. Katika jimbo la Georgia, Marekani, mashindano yaliyopata sifa ni yale ya kutoka mji wa Athens hadi Atlanta, umbali wa maili 87, yaani kilometa 140 hivi. Huko Le Mans, Ufaransa, watelezaji huzunguka uwanja wa mbio za magari kwa muda wa saa 24.

Kiatu cha mchezo huu kina sehemu nne kuu. Ya kwanza ni buti linaloshika mguu. Ya pili ni fremu ya chuma chepesi iliyofungwa chini ya buti. Ya tatu ni magurudumu, matatu au manne, ya plastiki ngumu kiasi iitwayo poliyurethani. Kipenyo chake huwa kati ya milimeta 80 na 125. Ya nne ni beringi, mbili katika kila gurudumu. Basi viatu viwili vyenye magurudumu manne kila kimoja vina beringi 16. Aina inayotumika zaidi ina tundu la milimeta 8, kipenyo cha nje cha milimeta 22 na unene wa milimeta 7.

Viatu bora vya mashindano ni ghali, na magurudumu huchakaa upesi. Kwa sababu hiyo mtelezaji asiye na fedha nyingi hufurahi sana anapopata mdhamini. Furaha hiyo ndiyo asili ya tatizo letu.

KISA CHA RAFIKI YANGU

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani, nilifanya kazi katika maabara moja na kijana aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano ya Berlin. Siku moja kampuni ilimletea viatu vipya, ikamwomba avijaribu na kuandika ripoti. Ripoti ikipendeza, angeweza kupewa viatu na magurudumu kwa mwaka mzima. Jioni ile ile alivivaa, akaenda barabarani, akarudi akitweta kwa furaha. "Vinaruka!" alituambia. Alikuwa ameteleza umbali mrefu zaidi bila ya kusukuma kuliko alivyopata kufanya kwa viatu vyake vya zamani.

Mwalimu wetu hakumpongeza wala hakumpinga. Alimwuliza maswali matatu tu. Je, ulikwenda upande gani wa barabara? Upepo ulivuma kutoka wapi? Na magurudumu ya viatu vyako vya zamani yana umri gani? Rafiki yangu hakuwa na jibu hata moja. Ili tuone kwa nini maswali hayo yalikuwa mazito, hatuna budi kwanza kuzitazama kani zinazomzuia mtelezaji.

KANI ZINAZOZUIA MWENDO

Juu ya barabara tambarare, mtelezaji aliyeacha kusukuma huzuiwa na kani mbili. Ya kwanza ni ukinzani wa hewa. Kani hii huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendokasi: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Ndiyo maana watelezaji wa mashindano huinama na kufuatana kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine.

Ya pili ni ukinzani wa kubingirika. Gurudumu linapobeba uzito wa mtu, sehemu yake inayogusa lami hubonyea kidogo. Inapoiacha lami, hurudia umbo lake. Kama poliyurethani ingerudisha nishati yote iliyotumika kuibonyeza, hasara ingekuwa ndogo mno. Lakini sehemu ya nishati hiyo hugeuka kuwa joto. Mwanafunzi anaweza kuliona jambo hili kwa kudondosha mpira sakafuni: haurudi mpaka kimo ulichotoka, kwa kuwa sehemu ya nishati yake imepotea wakati wa kubonyea.

Hapa inafaa kusahihisha kosa moja. Muuzaji dukani hupenda kulizungusha gurudumu kwa kidole na kumwonyesha mnunuzi jinsi linavyochukua muda mrefu kusimama. Maonyesho hayo yana maana ndogo. Gurudumu linalozunguka hewani halibebi mzigo, wala halibonyei, wala haligusi changarawe. Msuguano wa beringi safi ni sehemu ndogo tu ya ukinzani wote. Sehemu kubwa hutoka katika gurudumu lenyewe na uso wa barabara. Hali kadhalika namba za ABEC zinazoandikwa juu ya beringi, yaani 1, 3, 5, 7 na 9, hueleza usahihi wa vipimo vya utengenezaji. Hazisemi moja kwa moja jinsi beringi itakavyokuwa nyepesi chini ya uzito wa mtu.

HESABU YA JARIBIO

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mtelezaji hujipatia mwendo, hufika kwenye mstari uliochorwa, huacha kusukuma, kisha husimama wima bila ya kujitikisa mpaka mwendo uishe. Msaidizi hupima muda t tangu mstarini hadi kusimama, na umbali d. Tukichukulia kwamba mwendo hupungua kwa kiwango kisichobadilika, basi mchapuko hasi ni:

a = 2d / t²

Namba zifuatazo nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kwa viatu vya zamani mtelezaji alikwenda meta 45 kwa sekunde 30. Mchapuko hasi ni 90 / 900, yaani meta 0.10 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa viatu vipya, akianza na mwendo ule ule wa meta 3 kwa sekunde, alikwenda meta 50 kwa sekunde 33.3. Mchapuko hasi ni 0.09. Ndani ya namba hizi umo pia ukinzani wa hewa, lakini katika mwendo mdogo hauzidi ule wa kubingirika. Na kwa kuwa mtu, nguo na mkao ni vile vile, ulinganifu unabaki kuwa halali.

Tofauti ni 0.01 tu. Je, ina faida gani? Ikiwa tungamo la mtelezaji pamoja na viatu vyake ni kilogramu 75, tofauti ya kani ni 75 × 0.01, yaani newtoni 0.75. Katika safari ya kilometa 140, kazi inayookolewa ni 0.75 × 140,000, yaani juli 105,000. Misuli ya mwanadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Kwa hiyo mtelezaji ameokoa chakula cha kilojuli 420 hivi, sawa na ndizi mbivu moja. Faida hiyo si ya kudharauliwa katika mashindano, lakini wala si muujiza.

MTEREMKO USIOONEKANA

Sasa tulirudie swali la kwanza la mwalimu. Chukua barabara inayoshuka meta moja kwa kila kilometa. Katika meta 50 inashuka sentimeta 5 tu, na hakuna jicho linaloweza kuuona mteremko huo. Lakini mvuto wa dunia unauona. Mchapuko unaotokana na mteremko huo ni 9.8 × 1/1000, yaani 0.0098. Msomaji atambue kwamba namba hiyo ni karibu sawa kabisa na tofauti tuliyoipata kati ya viatu viwili!

Maana yake ni nini? Viatu vya zamani vilevile, vikiteleza kuelekea chini, vitakwenda karibu meta 50. Vikiteleza kuelekea juu, vitakwenda meta 41 tu. Kwa hiyo mtu akijaribu viatu vya mdhamini kuelekea chini na vyake kuelekea juu, atashangilia ubora ambao haumo viatuni bali umo barabarani. Wala hatakuwa amesema uongo. Atakuwa ameona alichotamani kukiona, akaacha kutafuta zaidi.

KANUNI ZA JARIBIO LA HAKI

Baada ya maswali ya mwalimu tulilirudia jaribio kwa kufuata kanuni hizi:

1. Kila kiatu kiende pande zote mbili za barabara, kisha uchukuliwe wastani wa mchapuko. Kwa njia hiyo mteremko hujifuta wenyewe, na upepo mwepesi usiobadilika hupunguzwa athari yake.

2. Mpango uwe wa zamani, vipya, vipya, zamani. Beringi hupata joto, mtu huchoka, na hewa hubadilika. Mpango huu hugawa mabadiliko hayo kwa usawa.

3. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kulinganisha buti jipya lenye magurudumu mapya ya milimeta 110 na buti kuukuu lenye magurudumu yaliyolika ya milimeta 90 ni kulinganisha mambo matatu pamoja. Hatutajua kama sifa ni ya buti, ya ukubwa wa gurudumu au ya upya wake.

4. Anayepima asijue kinachopimwa. Tulifunika majina yote kwa utepe, na aliyeshika saa aligeuka mpaka mtelezaji alipofika mstarini. Mtelezaji mwenyewe hawezi kufichwa, kwani mguu wake unajua. Kwa hiyo yeye hakuruhusiwa kusoma saa wala futi.

5. Kipimo cha kushinda kiandikwe kabla ya kuanza. Tuliandika kwenye karatasi ni tofauti kiasi gani ingehesabiwa kuwa ya kweli, tukaitia karatasi katika bahasha. Anayeweka goli baada ya mpira kupigwa hakosi kufunga.

YASIYOPIMWA KWA FUTI

Magurudumu mapya yalishinda, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko furaha ya jioni ya kwanza. Ilibaki kulijaribu buti. Hapa mita hamsini hazitoshi. Mguu wa mtu huvimba kidogo baada ya saa kadhaa za kazi, na kifundo huchoka. Gurudumu kubwa hupita juu ya changarawe kwa urahisi zaidi, lakini humwinua mtelezaji mbali na ardhi na kukiongezea kifundo kazi ya kusawazisha. Kwa hiyo rafiki yangu aliteleza kilometa 10, kisha 20, kisha 40, kila mara akiandika hali ya miguu yake kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Katika safari ya tatu, baada ya kilometa 25, buti lilimchubua juu ya kifundo mpaka damu ikatoka. Alipumzika juma moja, akarudia. Likamchubua mahali pale pale. Ndizi moja aliyookolewa na magurudumu haikuweza kulipa jeraha hilo.

Aliandika ripoti yake hivyo hivyo: magurudumu ni mazuri, na hizi hapa namba zake, buti linaumiza mguu wa umbo hili, mahali hapa, baada ya umbali huu. Kampuni ilimjibu kwa barua fupi ya shukrani, na udhamini akapewa mwingine. Aliteleza Berlin kwa buti lake la zamani na magurudumu aliyoyanunua kwa fedha zake. Nakumbuka alisema kwamba afadhali kukosa viatu kuliko kuvaa kwa mwaka mzima neno asiloliamini.

Mwalimu anayesoma makala haya anaweza kulifundisha jambo hili pasipo viatu vya magurudumu. Toroli, baiskeli au mkokoteni hutosha, na uwanja wa shule ni barabara nzuri. Mwanafunzi akitumia viatu vyenyewe, avae kofia ngumu na vilinda magoti na viganja, mahali pasipopita magari. Jambo kuu ni kuizoea tabia ya kuuliza, kila tunaposikia sifa ya mbegu, betri au dawa ya meno: ni nani aliyepima, kwa njia gani, na alitumaini kupata nini?

ZOEZI

1. Mtelezaji na viatu vyake wana tungamo la kilogramu 60. Baada ya kuacha kusukuma alikwenda meta 36 kwa sekunde 24. Tafuta mchapuko hasi na kani iliyomzuia.

2. Barabara inashuka meta moja kwa kila meta 500. Tafuta mchapuko unaotokana na mteremko huo.

3. Dondosha mipira miwili ya aina tofauti kutoka kimo kimoja. Ni upi unaopoteza nishati zaidi? Eleza uhusiano wake na gurudumu.

4. Chagua tangazo moja la biashara linalodai ubora. Panga jaribio la haki la kulichunguza, ukitumia kanuni tano zilizotajwa.

Majibu: (1) 0.125 m/s², newtoni 7.5. (2) 0.0196 m/s².