SOMO LA WIKI: Mwanga unaohesabu gesi iliyopotea

Mfanyabiashara wa mahindi akipoteza magunia 10 njiani anajua mara moja, kwa kuwa magunia huhesabika. Mwenye gesi asilia hana bahati hiyo. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya bidhaa yake, haina rangi wala harufu. Ikivuja, huenda asigundue mpaka hesabu za mita mbili zikatae kulingana.

Hewani, gesi hiyo huhesabiwa kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Mwaka 1859 John Tyndall, mwanafizikia aliyefanya kazi London, alionyesha kuwa gesi kadhaa humeza mwanga huo, ikiwamo gesi ya makaa ya mawe iliyowasha taa za mjini. Methani huumeza zaidi kwenye urefu wa mawimbi wa mikrometa 3.3, na kwa kiasi kidogo kwenye 2.3 na 1.65. Kadiri mwanga unavyofika umepungua kwenye kipokezi, ndivyo gesi ilivyo nyingi njiani.

Tatizo ni kwamba ethani na propani nazo humeza mwanga jirani na 3.3. Kifaa cha bei nafuu hujumlisha zote, kama karani anayepokea kahawa bila kuandika daraja. Spektroskopia ya upambanuzi wa juu huzitenganisha: leza hupita taratibu juu ya mistari myembamba ya kila gesi, mmoja baada ya mwingine. Katika hewa ya kawaida molekuli hugongana na mistari hunenepa hadi kuingiliana, hivyo wataalamu hupunguza shinikizo ndani ya mrija wa kipimo ili iachane. Mistari ya propani imesongamana mno. Hiyo hupimwa kwa jumla, katika viwango mbalimbali vya joto na shinikizo, na majibu huingizwa kwenye jedwali. Jedwali mashuhuri ni HITRAN, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1973 na linalotunzwa Cambridge, Massachusetts. Jiwe la kulinganishia mizani likiwa na kasoro, soko zima hudanganyika. Ndivyo ilivyo kwa tarakimu za jedwali hilo.

Kwa nini ethani isomwe peke yake? Ng'ombe na vinamasi hutoa methani pia, lakini ethani nyingi hutokana na gesi na mafuta ya ardhini. Ikionekana pamoja na methani, mwenye kisima hawezi kusingizia mifugo ya jirani.

Mfano ni Aliso Canyon, California, ambako kisima cha ghala la gesi la chini ya ardhi kilianza kuvuja Oktoba 2015. Ndege ndogo yenye vifaa vya leza ilipita mara kadhaa kwenye wingu la gesi. Hadi kilipozibwa Februari 2016, zilikuwa zimetoka tani 97,100 za methani na tani 7,300 za ethani. Kwa bei ya Marekani ya wakati ule, karibu dola 2 kwa kila BTU milioni moja, methani hiyo ilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 10. Lakini maelfu ya familia zilihama, na mwaka 2021 kampuni husika ilikubali kulipa hadi dola bilioni 1.8 kumaliza madai.

Wanunuzi nao wamebadilika. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Agosti 2024 inagusa hata gesi inayoagizwa kutoka nje, kuhusu jinsi methani inavyopimwa kwa mzalishaji. Aidha, chombo cha TROPOMI, kilicho kwenye setilaiti iliyorushwa Oktoba 2017, husoma methani duniani kote kwenye mikrometa 2.3.

Kwa Tanzania kuna jambo la ziada. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, karibu yote ni methani. Alama yake ya ethani ni hafifu, hivyo mpimaji atalazimika kulinganisha methani ya upande upepo unakotoka na ya upande unakoelekea, kisima kikiwa katikati.