Poele ya seramiki ku mbabula: namna ya kuichunga ili idumu

Leo tunaacha kidogo mbolea na mbegu, tunaingia mu jikoni. Vikundi mingi vya wamama vinauza mayai na samaki ya kukaranga ku soko ao pembeni ya barabara. Kuna wenye wamenunua poele ya seramiki, ile yenye ngozi laini ambayo chakula hakishikami. Ni kitu cha bei. Ikiharibika mu miezi michache, makuta ya kikundi yametoka bure, na faida ya mayai imeenda nayo.

Neno moja tunataka mukumbuke: kazi inaichokesha poele hii polepole, lakini moto mkali na kusugua kwa nguvu vinaiua haraka.

Poele hii ni kitu gani?

Mwili wake mara mingi ni aluminiumu. Juu ya aluminiumu kuna ngozi nyembamba sana ya silika, kitu cha ukoo mmoja na mchanga na kioo, iliyopakwa na kuchomwa ku kiwanda. Njo ile ngozi inafanya yai liteleze. Hata kama tunaiita seramiki, haina unene wa nyungu ya udongo. Ikitoka, hairudi tena.

Musiichanganye na poele ya teflon. Teflon ikipita digrii 260 inaanza kuharibika, na ikizidi kupata moto inatoa hewa mbaya inayoweza kuua ndege. Mwenye kulaza kuku karibu na jikoni ajue hilo. Seramiki haina teflon ndani, lakini moto ukizidi, utelezi wake unaisha.

Makala ni moto wa nguvu

Sisi watu wa Kambove tunaishi juu ya shaba, na tunajua kazi ya moto. Mbele ya kampuni za wazungu kufika, wafuaji wa Katanga waliyeyusha jiwe la kijani la shaba kwa makala na mivukuto, wakatengeneza misalaba ya shaba. Shaba inayeyuka ku digrii 1085. Aluminiumu inayeyuka ku digrii 660 tu. Sasa, mu mbabula yetu hakuna mvukuto, lakini upepo na kipepeo vinafanya kazi ile ile. Makala ni yale yale. Poele tupu ikikaa juu ya makala mekundu, hata dakika chache zinaweza kuiharibu.

Kwa hiyo mufanye hivi:

1. Muache makala yashike yote kwanza, ndimi za moto ziishe. Kisha muyatandaze kidogo na muyafunike na majivu kiasi. Makala machache yanatosha. Hapo munachunga poele, makuta, na miti ya pori letu pia.
2. Hapana kuweka poele tupu ku moto. Muweke mafuta kidogo kwanza, kisha poele iende ku mbabula.
3. Mafuta yakianza kutoa moshi, moto umepita kiasi. Muondoe poele, mupunguze makala. Mafuta yaliyoungua yanaacha utando wa kahawia unaoshika, na watu wanafikiri poele imezeeka, kumbe ni uchafu wa mafuta.
4. Poele ikiwa juu, hapana kupepea tena.
5. Mukono wake ukiwa wa plastiki, uwe inje ya moto, usilale juu ya makala.

Maji ya baridi ni adui

Aluminiumu ikipata moto inapanuka, ikipoa inajikunja. Ngozi ya seramiki haipanuki sawa na aluminiumu. Ukitoa poele ku moto na kuitumbukiza mara moja mu maji ya baridi, mwili unajikunja kwa gafula, ngozi inapata nyufa ndogo ambazo macho hayaoni. Kisha chakula kinaanza kushika. Muache ipoe yenyewe mpaka mukono unaweza kuigusa, njo musafishe.

Majivu na mchanga: hapana

Sufuria zetu za aluminiumu tunazisugua na majivu, mchanga ao waya ya chuma, na zinangaa. Ni desturi nzuri kwa sufuria. Kwa seramiki, mchanga unakwaruza ngozi, na kila mukwaruzo ni mahali pa chakula kushika kesho. Mutumie maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Chakula kikiwa kimekauka, muloweke nusu saa. Utando wa mafuta ukibaki, muchanganye bikarbonati na maji kidogo, mupake, musugue polepole na kitambaa.

Mwiko uwe wa mti. Hapana kisu, hapana kanya ya chuma. Bukari isipikwe ndani, juu kuisonga kunataka nguvu. Mikate ya kuzama mu mafuta mingi pia, mutumie sufuria ya kawaida. Poele ya seramiki tuiachie mayai, samaki laini na mboga.

Kuiweka: ikauke, na kama inapangwa na vyombo vingine, muweke kitambaa ao kipande cha mufuko wa unga kati yao. Chakula chenye chumvi ao tomate kisilale ndani usiku.

Inafika wakati wa kuiacha

Hata ikichungwa muzuri, ngozi hii haidumu kama chuma. Ikianza kubanduka na aluminiumu kuonekana, isipikiwe tena. Mutapimia mbegu ao mutalishia kuku.

Kazi ya mkutano unaokuja

Tunawaomba kikundi kizungumze maulizo haya matatu:

- Nani anachunga poele ya kikundi, na anaionyesha lini kwa wengine?
- Tunaandika ku kitabu siku ya kuinunua na bei yake? Bila hiyo, hatutajua kama ilirudisha makuta yake.
- Kazi yetu inaomba seramiki kweli? Kama moto wetu ni mkali kutwa na hatuwezi kuupunguza, poele ya chuma ao sufuria nzito ya aluminiumu itatufaa zaidi.

Ulizo hili la tatu lijibiwe mbele ya kufungua sanduku la kikundi, hapana kisha.